Spea za gramafoni Nakuru: hata sijui niwape nyota ngapi

Nianze na ile sindano, maana ndiyo iliyonitoa Nakuru nikitetemeka kwa hasira.

Nina HMV 102 aliyoniachia baba, ile gramafoni ya kubeba kama mkoba. Springi yake ilikatika zamani. Kichwa cha sauti, yaani kile kiduara kinachoshika sindano, nacho kilikuwa kimepasuka, kwa sababu madini yake huvimba yakizeeka. Hapa Kisumu nimezunguka soko la Kibuye hadi nikachoka. Mafundi wetu wa jua kali wana mikono ya ajabu, lakini kichwa cha sauti si kitu cha kugongagonga kwa nyundo. Ndipo nikaelekezwa kwa duka moja la vitu vya kale Nakuru. Nikapiga simu. "Zote ziko, mama, orijino kabisa. Tuma nusu kwa M-Pesa tukuwekee." Nikatuma.

Kufika, kijana wa kaunta hakuinua hata macho kwenye simu yake. Lakini nyuma ya duka kulikuwa na fundi mzee, na huyo nitamsifu popote. Alifungua mashine, akaona springi imekatikia karibu na ncha. Hakuniuzia nyingine. Aliichoma ile ncha kwa moto ikalainika, akatoboa tundu jipya, akafuta grisi kuukuu iliyoganda nyeusi, akaanza kuirudisha springi kwenye kikombe chake, amevaa glavu nzito, pole pole, mzunguko baada ya mzunguko. Chuma hicho kikimponyoka mtu kinakata vidole. Alipomaliza akazungusha hendeli, sahani ikaanza kuzunguka kimya, sawasawa. Machozi yalinilenga. Kisha akaomba ruhusa akaswali.

Laiti ningemngoja arudi!

Kijana akaja na kile kichwa "orijino". Ni mwigo, wa aina zinazotoka India, unang'aa kama sufuria mpya. Mashine ya 102 hutumia kichwa chenye utando wa alumini, ule unaotetemeka kutoa sauti. Hiki kilikuwa na utando wa maika, yale madini ya maganda membamba, kimeigwa kile cha gramafoni za zamani zaidi, zile za honi. Shingo haikulingana na mkono wa mashine, kwa hiyo walikuwa wameizungushia selotepu. Selotepu! Kwa bei ile!

Nilikuwa nimebeba santuri moja ya baba ya kujaribia, ya lebo ya Jambo, zile zilizorekodiwa Nairobi. Kijana akaingiza vidole kwenye kifuniko cha kopo la mafuta ya Kimbo kilichojaa skrubu, akatoa sindano yenye kutu. Nikamwambia, "Ngoja mwanangu, nimekuja na mpya." Sindano ya chuma hucheza upande mmoja wa santuri, kisha inatupwa, ndiyo maana zinauzwa kwa vikopo. Hakungoja. Akaidondosha. Sauti iliyotoka siwezi kuieleza. Kichwa kimeinamia upande, na nyuma ya sindano nikaona unga wa kijivu ukipanda kutoka kwenye mifereji ya santuri, ukiacha mstari mweupe. Yeye akaupuliza ule unga, phuu, akasema: "Mathe, hizi ni vitu za kitambo, si kukwaruza ni kawaida? Na hizi kelele nani anasikiliza siku hizi?"

Nani anasikiliza? Mwaka 1950 Hugh Tracey, yule aliyezunguka akirekodi muziki wa Afrika, alipofika Kapkatet, huko Kericho, alirekodi Wakipsigis wakimwimba Jimmie Rodgers, mwanamuziki Mmarekani ambaye hawakuwahi kumtia machoni. Walimsikia tu kwenye gramafoni. Ndiyo hizo kelele. Ule unga uliopulizwa ulikuwa sauti ya mtu, na haurudi.

Kwa hiyo nilikuwa nimeamua: nyota sifuri, na kila ninayemjua asikanyage pale. Na bado nusu yangu inasema hivyo.

Lakini mzee aliporudi akaishika ile santuri kwenye mwanga, akanyamaza, akasema, "Pole sana, mama." Akamfukuza kijana kaunta. Kisha akafungua droo yake mwenyewe akatoa kichwa cha zamani cha alumini, akaondoa mpira uliokauka ukawa mgumu kama jiwe, akakata vipande vya mpira laini akavipanga kuzunguka utando, akanifungia. Hakutaka senti. Sasa nyumbani inacheza santuri upande mzima bila kuyumba, na majirani huja kusikiliza. Kazi kama hiyo nitaipata wapi kwingine kati ya hapa na Nairobi? Springi ikikatika tena nitarudi pale pale, najua nitarudi, na hilo linaniudhi zaidi.

Basi kwa mzee, nyota tano. Kwa duka, labda mbili... hapana, moja. Nikikumbuka kile kifuniko cha Kimbo, hata hiyo moja nataka kuirudisha.

Mkienda, bebeni sindano zenu, msitume pesa kabla ya kushika kitu mkononi, na mwulizeni mzee kabla ya kufungua mashine. Na mwenye duka, kama unasoma hapa: mzee alisema mbele yangu nirudishiwe pesa ya kile kichwa cha selotepu. Kichwa mlibaki nacho, pesa bado sijaiona. Namba ni ile ile niliyotumia kukulipa.