Dawa ya kupenya (silani na siloksani) kwenye patio ya zege, matofali na mawe: inafanya kazi ila sio kila mahali

Nianze na jibu ili mwenye haraka aendelee na mambo yake. Kwa zege na matofali ya kuchoma hii dawa ya kuzuia sakafu ya nje isinywe maji inafanya kazi, tena vizuri kuliko zile za kung'arisha ambazo wauzaji wengi wanakusukumia. Kwa mawe inategemea una jiwe gani. Na kama patio yako, yaani sakafu ya nje ya kupumzikia, inatuamisha maji basi usinunue kopo lolote kwanza, shughulika na mteremko, nitalirudia hili huko chini maana ndo linalofanya watu waseme dawa ni feki.

Mimi ninazo sakafu zote tatu kwenye uwanja mmoja, zege la kumwaga mbele ya mlango, matofali katikati, halafu ukingoni mawe bapa ya aina mbili tofauti, kwa hiyo nimeiona dawa moja ikihangaika na vitu tofauti chini ya hali ya hewa ileile. Na hali ya hewa yenyewe haina huruma, msimu wa baridi maji yanaganda usiku, mchana yanayeyuka, usiku yanaganda tena, jua likirudi linachoma mpaka huwezi kukanyaga peku. Wengi wanadhani baridi ikizidi ndo uharibifu unazidi, lakini sakafu iliyoganda moja kwa moja msimu mzima inaweza kuwa na nafuu kuliko ile inayoganda na kuyeyuka kila siku. Maji yakiwa barafu yanatanuka karibu asilimia 9, sasa yakiwa yameshajaa kwenye vitundu vya tofali hayana pa kwenda, yanasukuma, yakiyeyuka yanazama ndani kidogo zaidi, yakiganda yanasukuma tena. Ndo unakuta tofali limebanduka uso wote wa juu, au zege linatoka magamba magamba na kokoto zinaanza kuchungulia. Kwenye joto tupu bila barafu nako kuna balaa lake, zege linapanuka na kusinyaa, na ukiwa karibu na bahari chumvi inaingia na maji, maji yakikauka chumvi inabaki inaota fuwele ndani ya vitundu na yenyewe inapasua.

Sasa dawa zenyewe. Ziko za aina mbili kubwa. Kuna zinazotengeneza ngozi juu ya sakafu, akriliki, poliurethani, epoksi, hizi ndo zinazokupa ule muonekano wa kulowa na kung'aa kwenye picha za matangazo. Halafu kuna hizi za kupenya, ambazo zinaingia ndani, zinashikana na silika (madini ya mchanga) iliyomo kwenye zege au tofali na kuvika kuta za vitundu utando usiopenda maji. Vitundu vyenyewe havizibwi, na hapo ndo utamu wote ulipo, kwa sababu patio inapata maji kutoka chini pia, ardhi inatoa unyevu kila siku, na unyevu huo lazima utoke juu kama mvuke. Ukifunika sakafu na ngozi isiyopumua halafu unyevu ukaja kutoka chini, ni kama umevaa koti la mvua huku jasho linakutoka, unalowa ukiwa umejikinga. Matokeo yake ngozi inafanya weupe kama maziwa, inavimba vipovu, inabanduka vipande, na ikija baridi maji yaliyonaswa chini yake yanaganda palepale. Tena ngozi ikilowa inateleza vibaya mno, pembeni ya bwawa au kwenye ngazi mi nisingeithubutu bila kuchanganya unga wa kuongeza ukakasi.

Silani na siloksani hazifanani kabisa japo kwenye kopo zimekaa pamoja. Molekuli za silani ni ndogo, zinazama ndani zaidi hata kwenye zege lililobana, siloksani ni kubwa kidogo, zinabaki karibu na uso na zinafaa vitu vyenye vitundu vikubwa kama matofali. Ndo maana mchanganyiko wa zote mbili ni chaguo la busara kwa mtu mwenye uwanja mchanganyiko kama wangu. Angalia kwenye lebo asilimia ya dawa yenyewe, kuna makopo yana asilimia 40 na kuna mengine yamejaa maji tu na rangi nzuri kwenye karatasi. Kopo likisema tu "kinga ya maji" bila kutaja kilichomo, mi naliacha hapohapo kwenye rafu.

Upakaji sasa, hapa kuna maneno mengi kwa sababu nusu ya malalamiko ninayoyasikia juu ya hii dawa yanatokana na maandalizi. Kwanza usafi. Uchafu, mafuta na ukungu wa kijani lazima utoke, kwa sababu dawa itapenya kwenye uchafu badala ya kupenya kwenye tofali. Mashine ya presha inasaidia lakini iendeshe kwa upole, tumia pua inayotawanya maji kwa pembe ya nyuzi 25 au 40, ile ya nyuzi sifuri inachora zege na inang'oa uso mgumu wa tofali ule uliotoka tanuruni, na ukishaondoka huo tofali linakunywa maji kama halina akili. Kwa ukungu wa kijani brashi ngumu ya nailoni na sabuni ya oksijeni vinatosha kabisa, brashi ya waya achana nayo, inaacha vipande vya chuma ambavyo baadae vinatoa kutu na madoa ya kahawia.

Zile chumvichumvi nyeupe zinazotoka kwenye matofali usizichukulie kirahisi. Zifagie kwa brashi kavu, subiri uone. Zikirudi maana yake kuna maji yanapita humo ndani yanabeba chumvi kuja juu, na ukipaka dawa hapo chumvi itagandia nyuma ya sehemu iliyopakwa na itapasua tofali kutokea ndani, yaani dawa inageuka kuwa tatizo. Tafuta maji yanatoka wapi kwanza. Na kuhusu asidi, najua mafundi wanaipenda, lakini kwenye mawe ya chokaa na marumaru usiiguse kabisa, inatoa povu na kula jiwe lenyewe, hata siki ya jikoni inafanya hivyohivyo taratibu.

Halafu ukavu. Baada ya kuosha sakafu inataka siku moja au mbili za ukavu wa kweli, sio ukavu wa macho. Kuna kipimo rahisi, chukua nailoni ya sentimita 45 kwa 45, ibandike na teipu pande zote nne, iache masaa 16 au zaidi, ukiifunua ukakuta matone chini yake au zege limekuwa jeusi basi unyevu bado upo. Zege jipya nalo lipe siku 28 kabla hujalipaka chochote. Na usipake jua la utosini sakafu ikiwa inaunguza, dawa inakauka juu kabla haijazama, wala usipake kwenye baridi ya chini ya nyuzi 5.

Kupaka kwenyewe ni kazi nyepesi, pampu ya kupulizia ya presha ndogo, unapulizia mpaka sakafu ishibe, madimbwi yanayobaki unayasambaza na rola. Kama kopo linataka mkono wa pili unaupaka ule wa kwanza ukiwa bado mbichi, ukisubiri ukakauka wa pili unakataa kuingia kwa sababu sakafu imeshaanza kufukuza vimiminika, hii wengi hawaijui wanaona dawa ya pili inateleza juu wanadhani wameuziwa maji. Funika vioo vya madirisha na mimea, matone yakikaukia kwenye kioo yanaacha alama ambayo haitoki kwa sabuni. Lita moja kwenye zege lililobana inaenda mita za mraba 3 mpaka 5 hivi, kwenye matofali yenye kiu inapungua sana, kwa hiyo nunua zaidi ya unavyodhani. Ile ya kuyeyushwa kwa spiriti inanuka balaa, vaa barakoa ya kemikali na usivute sigara hapo, ya maji ina harufu ya kuvumilika na ndo niliyoichagua.

Matokeo. Zege naipa alama zote. Mvua ikinyesha maji yanajikusanya kama shanga na kukimbia, baridi ilipopita uso uko vilevile, hakuna magamba mapya. Rangi haijabadilika, na hili wengine watalichukia kwa sababu wanataka mng'ao, sasa kama unataka mng'ao hii dawa sio yako, ukimaliza kupaka mgeni hawezi kujua umefanya chochote. Matofali nayo vizuri, yanakauka haraka baada ya mvua na ule ukungu wa kijani umepungua sana kwa kuwa hauna unyevu wa kuutegemea. Ila matofali yaliyokuwa yameshaanza kubanduka yameendelea kubanduka, na hapo siilaumu dawa, yale hayakuchomwa kwa ajili ya kulala chini kwenye maji. Kuna matofali ya ukuta na kuna matofali ya sakafu, ukinunua muulize muuzaji kama yamepimwa kwa kuganda na kuyeyuka, kwa viwango vya Marekani, ASTM C902, daraja la SX ndo la mahali palipo na maji na barafu. Tofali laini litolewe liwekwe jingine, kopo halitalifufua.

Mawe ndo yaliyonipunguzia furaha. Yale ya mchanga yameipokea vizuri maana yana silika ya kutosha, ila yalikolea rangi kidogo, kwa hiyo jaribu kwanza kwenye jiwe la kona isiyoonekana. Yale ya chokaa, hapana, dawa haina cha kushikana nacho, maji yalijikusanya juu mwanzoni halafu yakaanza kunyonywa kama kawaida. Lebo ilikuwa imeandika "inafaa kwa mawe yote", na hapo ndo ninapoidai kampuni nyota moja. Graniti iliyobana wala haina haja sana, yenyewe hainywi maji kihivyo.

Kuna mambo watu wanaitarajia dawa ifanye na haifanyi. Haizibi nyufa. Haizuii mafuta ya nyama choma kutia doa, labda inakupa dakika za kukimbilia kitambaa. Haizuii majani kuota kwenye maungio. Haizuii ardhi kuvimba ikiganda na kuinua matofali, hiyo ni kazi ya kokoto zilizoshindiliwa chini na njia ya maji kutoka. Na ndo narudi kwenye mteremko: patio inatakiwa ishuke sentimita 1 mpaka 2 kwa kila mita moja kuelekea mbali na nyumba, hii dawa inafukuza matone ya mvua, maji yaliyolala juu yake siku nzima yatapata tu njia. Mwaga ndoo ya maji uangalie yanaelekea wapi kabla hujatoa hela.

Maungio ya matofali niliyajaza ule mchanga wenye gundi unaoganda ukinyunyiziwa maji. Ni mzuri, majani na sisimizi wamepungua, lakini una masharti yake kama bibi harusi. Kila kitu kiwe kikavu, unajaza mpaka milimita 3 hivi chini ya ukingo wa tofali, halafu unapuliza vumbi lote lililobaki juu kabla ya maji, maana vumbi lile likilowa linaganda kama utando mweupe usoni mwa matofali na kulitoa ni adhabu. Maji yenyewe yanyunyizwe kama manyunyu, ukifungulia mpira kwa nguvu unaosha gundi yote. Kwenye patio za zamani zilizoungwa kwa mota ya chokaa usijaze saruji kali kwenye mianya, mota ikiwa ngumu kuliko tofali basi linalopasuka ni tofali.

Na jamani chumvi ya kuyeyusha barafu, hata ukipaka dawa bora duniani usiimwage ovyo. Inaongeza mizunguko ya kuganda na kuyeyuka na inazidisha magamba, kwenye zege ambalo halijapita hata msimu wake wa kwanza wa baridi ndo usiisogeze kabisa. Mbolea za amonia ambazo wengine wanazimwaga kama mbadala ni mbaya zaidi, zinashambulia saruji yenyewe. Mchanga wa kawaida unatosha kuzuia watu wasiteleze, na theluji iondolewe na koleo la plastiki.

Kwa jumla nyota nne. Dawa za kupenya zinatajwa kukaa miaka 5 mpaka 10, za ngozi mwaka 1 mpaka 3, na kujua kama imeisha ni kunyunyizia maji kidogo kila mwaka sehemu mbalimbali, pakinyonya na kuwa peusi papakwe upya pale tu, huna haja ya kukwangua chochote, kitu ambacho kwenye akriliki ni kazi ya kulia machozi. Kama patio yako ilishapakwa akriliki lazima uiondoe yote kwanza ndipo hii ipenye, na kwa kazi hiyo pengine bora uendelee na akriliki yako mpaka ichoke. Kopo likibaki nusu lifunge vizuri, dawa hii inaanza kubadilika ikikutana na unyevu wa hewa, na ile ya maji isiachwe stoo inayoganda kwa sababu ikiganda inakatika kama maziwa na haitumiki tena.