Paneli ya wati 200 juu ya trela: miezi minane kati ya Tiwi na Tsavo

Trela langu la kupigia kambi lilitengenezwa na mafundi wa jua kali hapa Mombasa. Ni sanduku la bati lenye magurudumu mawili, kitanda, jiko la gesi la kuvuta kwa nje na friji ndogo ya volti 12, na paa lake lina nafasi ya paneli moja tu ya wati 200. Nilinunua seti nzima katika duka moja la mjini: paneli, chaji kontrola (kifaa kinachosimamia umeme wa paneli unapoingia kwenye betri), betri ya asidi iliyofungwa ya ampea-saa 100 (yaani inaweza kutoa, kwa mfano, ampea 5 kwa saa 20), pamoja na kazi ya fundi kuja kufunga. Nimeitumia kwa miezi minane sasa, safari nyingi zikiwa za siku tatu au nne, na naweza kusema kwamba kilichokuwa ghali zaidi katika seti ile ndicho kilichokuwa kizuri, na kilichokuwa rahisi ndicho kilichoniharibia chakula.

Paneli yenyewe sina lawama nayo. Imelala bapa juu ya paa, na kwa sisi tulio nyuzi 4 tu kusini mwa Ikweta hilo si kosa, kwa kuwa jua hutupitia utosini mara mbili kwa mwaka, mapema Machi na mapema Oktoba, na miezi mingine halipotoki sana; vile vyuma vya kuinulia paneli vinavyosifiwa na watu wa nchi za baridi vingekuwa mzigo wa bure. Wati 200 zilizoandikwa nyuma yake, hata hivyo, hupimwa seli zikiwa na joto la nyuzi 25, na paa la bati la Mombasa saa 7 mchana halijui nyuzi 25 ni nini. Kila nyuzi moja ya joto inayozidi hapo huipunguzia paneli ya namna hii takriban asilimia 0.3 hadi 0.4 ya nguvu. Kwangu, siku ya jua kali, nimeona wati 150 na kidogo, na hizo nazihesabu kuwa nzuri. Fundi aliacha upenyo wa vidole viwili kati ya paneli na bati ili upepo upite, na kwa hilo nampa heko.

Tatizo lilijitokeza katika kambi ya Ndololo, karibu na Voi, usiku wa pili. Saa 10 alfajiri friji ilianza kulia kwa kukosa umeme, nikatoka na tochi, nikakuta vipande vya nguru vimeshalainika na maji yamejaa chini ya kikapu. Mchana wake kontrola ilikuwa imeonyesha volti 14.4 na taa ya kijani, yaani betri inakaribia kujaa. Friji yangu, kwa joto la Tsavo, hula kama ampea-saa 40 kwa siku nzima, na betri ya asidi haifai kushushwa chini ya nusu yake. Kwa hiyo nilikuwa na ampea-saa 50 za kutumia, mradi kila siku ijae kweli. Haikuwa ikijaa.

Niliporudi nyumbani nilichukua mita na kupima volti kwenye vichwa vya betri wakati kontrola inasoma 14.4. Betri ilisoma 13.7. Kontrola ilikuwa imefungwa mbele ya trela na betri iko nyuma karibu na ekseli, na kati yake umepita waya wa milimita 2.5 (za mraba, kama mafundi wanavyopima unene), ule ule wa soketi za nyumbani, unaozunguka kitanda na kabati kwa mita 5. Kwenda na kurudi ni mita 10, na ampea 10 zikipita humo volti 0.7 hupotea njiani. Kontrola haipimi betri. Inapima mwisho wake wa waya, ikaamini kazi imekwisha na kupunguza chaji mapema. Siku ya kufunga nilikuwa nimemuuliza fundi kuhusu unene wa waya, naye akanijibu kwa heshima, "Ami, waya huu unabeba ampea 20, hauwezi kuungua." Alisema kweli, kwani haukuungua, lakini hilo silo nililokuwa nikiliogopa.

Makosa mawili zaidi yaligundulika siku hiyo hiyo. Kontrola ilikuwa imeandikwa MPPT usoni, yaani aina inayotafuta volti ambazo paneli hutoa nguvu nyingi zaidi, lakini nilipopima upande wa paneli nikakuta volti zake zimevutwa zikalingana na za betri, jambo ambalo hufanywa na PWM ya kawaida, aina sahili inayoiunga paneli moja kwa moja na betri na kuikatakata, wakati MPPT ya kweli huiacha paneli kwenye volti 16 au 17 kisha ikaibadilisha ziada kuwa ampea. La pili ni baya zaidi: hapakuwa na fyuzi hata moja. Betri inaweza kumwaga mamia ya ampea waya ukigusa bodi, na waya ule ulipita kwenye tundu la bati lisilo na mpira, huku trela likitikiswa na barabara za murram.

Nilihamisha kontrola ikawa nusu mita kutoka kwenye betri, nikapitisha waya wa milimita 6 kutoka kwenye paneli na wa milimita 10 kwa kile kipande kifupi, na nikaweka fyuzi ya ampea 30 shubiri moja kutoka kwenye kichwa chanya cha betri. Gharama yote haikufika robo ya bei ya betri. Tangu hapo friji haijazima, hata Watamu, ambako tulikaa usiku nne.

Kuna jambo ambalo hakuna duka litakalokutatulia, nalo ni kivuli. Mtu anayepiga kambi Tiwi hutafuta mvinje au mnazi, paneli nayo inataka jua, na kuti moja tu likitia kivuli sehemu ya paneli linaweza kuondoa nguvu nyingi kuliko ukubwa wa kivuli chenyewe, kwa kuwa seli zimeunganishwa mfuatano. Mimi huegesha trela juani na kuweka viti mtini, na mke wangu hulalamika kwamba kitanda kinakuwa tanuri ifikapo magharibi. Ana haki. Safari ijayo nitabeba paneli ya pili ya kukunja, yenye waya mrefu wa kuiweka mbali na mti.

Chumvi ya bahari, hasa wakati wa kusi, huacha utando mweupe juu ya kioo na kutu ya kijani kwenye viungio vya shaba; kila nikirudi kutoka ufukweni naosha paneli kwa maji baridi na leso kuukuu, asubuhi kabla kioo hakijapata moto.

Nilirudi dukani na picha za mita. Kontrola walinibadilishia siku hiyo hiyo bila ubishi, tena kwa MPPT ya kweli, ambayo nimeipima. Pesa za waya na fyuzi walikataa kurudisha, wakisema havikuwa katika seti, na risiti inawaunga mkono. Nilipokuwa natoka, yule fundi alinifuata mlangoni akaniomba nimtumie picha ya jinsi nilivyofunga fyuzi. Nimemtumia, pamoja na vipimo vya waya.