Risasi nafuu za .22 LR: CCI Standard Velocity, Blazer na Federal AutoMatch

Kwa anayejifunza kulenga shabaha kwa bunduki ya .22 LR (Long Rifle, risasi ndogo yenye kipenyo cha inchi 0.22 hivi), bei ya boksi haisemi mengi. Cha kutafuta ni risasi zinazofanana: kichwa, baruti na ukingo wa ganda visipishane kati ya moja na nyingine. Aina hizi tatu za Marekani ndizo wengi huanza nazo, na zote zina kichwa cha greni 40, yaani gramu 2.6 hivi. Zinapoachana ni kwenye mwendo. Watengenezaji wanaandika futi 1,070 kwa sekunde kwa Standard Velocity, 1,200 kwa AutoMatch na 1,235 kwa Blazer.

Mwendo huo una maana kubwa. Sauti husafiri kama futi 1,125 kwa sekunde hewa ikiwa nyuzi 20. Risasi ya kasi hutoka ikiwa juu ya kiwango hicho, kisha hushuka chini yake kabla ya kufika mita 100, na hapo katikati hewa huiyumbisha. Standard Velocity iko chini ya sauti tangu mdomoni mwa mtutu, na kwa shabaha ya karatasi ndiyo tunayoipendekeza ingawa kwa kawaida ni ghali kidogo kuliko hizo mbili. Kasoro yake ni kwamba baadhi ya bunduki zinazojijaza zenyewe hazipati nguvu ya kutosha kutupa ganda. Kwa hizo, Blazer au AutoMatch inafaa zaidi.

Kabla ya kufyatua, mimina risasi 20 mezani uzitazame. AutoMatch huuzwa 325 kwa boksi zikiwa zimemwagwa pamoja, na madini ya risasi ni laini, kwa hiyo tafuta ncha zilizobonyea. Shika ganda, jaribu kuzungusha kichwa kwa vidole: kikicheza, iweke kando. Nta inayopakwa kwenye kichwa ikiganda na kushika mchanga nayo ni mbaya, maana mchanga huo unaingia kwenye mtutu.

Kwenye kiwanja, usihukumu kwa kundi moja la matundu. Kila unapobadili aina, piga kwanza 15 hadi 20 ili nta mpya ikae ndani ya mtutu. Kisha laza bunduki juu ya mfuko wa mchanga, piga makundi matano ya risasi tano kwenye mita 50, pima kila kundi kati ya vitovu vya matundu mawili yaliyo mbali zaidi, utafute wastani. Tundu lililoruka pembeni lihesabu pia. Hilo ndilo linalokuonyesha ubora wa kiwandani.

Matundu yakijipanga wima, shuku mwendo. Tofauti ya futi 50 kwa sekunde kati ya risasi mbili huzitenganisha wima kwa sentimita moja hivi kwenye mita 50, na nne hadi tano kwenye mita 100. Ndiyo maana risasi inayoonekana nzuri kwenye mita 25 inaweza kukuangusha mbali zaidi.

Risasi ikigoma, usifungue haraka. Elekeza mtutu kwenye shabaha, subiri sekunde 30, kisha itoe uangalie alama iliyoachwa na pini inayogonga ukingo wa ganda. Alama hafifu: tatizo ni la bunduki, pengine uchafu au springi iliyochoka. Alama ya kina: tatizo ni la risasi. Katika .22 kemikali ya kulipua husambazwa ndani ya ukingo kwa kuzungusha ganda, na isipoenea kote hubaki sehemu tupu. Igeuze nusu duara, ujaribu tena. Ikilipuka, umepata jibu. Moja katika 100 inavumilika kwa mazoezi. Mbili katika boksi la 50, tafuta aina nyingine.

Mlio ukiwa dhaifu na karatasi haina tundu, acha kabisa. Toa risasi zote, pitisha ufito kwenye mtutu, kwa sababu kichwa kinaweza kuwa kimekwama humo na risasi inayofuata ikaupasua mtutu.

Ukipata inayokubaliana na bunduki yako, soma namba ya toleo iliyopigwa kwenye boksi na ununue nyingi za namba hiyohiyo. Toleo jingine la jina lilelile linahitaji kupimwa upya.