LibreOffice kwa kazi ya kusitiri majina: tathmini ya karani wa skuli, Wete

Kamati yetu ya skuli huwapa wazazi ripoti ya matumizi ya fedha za misaada, na ni wajibu wangu kuhakikisha kwamba majina ya mayatima na nambari za vitambulisho vya walezi wao havionekani. Zamani tulipitisha kalamu nene ya wino mweusi, hadi mzee mmoja alipoinua karatasi dirishani na kuisoma nambari yote kwa mwanga wa jua. Tukahamia kwenye kompyuta na kuchora visanduku vyeusi juu ya maandishi. Kijana mmoja akapitisha kishale juu ya kisanduku, akanakili, akabandika kwenye ujumbe wa WhatsApp, na jina la mtoto likatoka zima. Kosa hilo hilo liliwapata mawakili wa Paul Manafort, aliyekuwa mwenyekiti wa kampeni ya Donald Trump, nchini Marekani, Januari 2019, katika waraka waliouwasilisha mahkamani.

LibreOffice, programu isiyolipiwa ya kuandikia nyaraka, ina nyenzo ya kazi hii tangu toleo la 6.3 la mwaka 2019, nami nimeridhika nayo. Hufungua nakala ya waraka na kuuacha ule wa asili kama ulivyo. Visanduku unavyochora huwa vya kijivu na bado unaona kilichomo chini yake, hivyo mwenzako anaweza kukagua pamoja nawe, na unapotoa PDF ya mwisho kila ukurasa hugeuzwa picha, pasibaki chini ya weusi herufi hata moja ya kunakiliwa. Maneno mengine nayo hayatafutiki tena, lakini kwa ripoti ya kurasa sita hilo si tatizo.

Unaweza pia kuiagiza itafute neno na kuliziba kila lilipo. Huku kwetu, ambako mtoto mmoja huandikwa Khamis ukurasa huu na Hamisi ukurasa wa pili, njia hiyo siitegemei peke yake. Lazima nisome mstari kwa mstari.

Jina la faili ni juu yako mwenyewe. Niliwahi kuandaa ripoti safi kabisa, kisha nikagundua, kidole kikiwa tayari kutuma, kwamba faili imeitwa kwa jina la mtoto na la shehia yake. Sasa hulibadilisha kwanza, nikampa mwalimu mkuu aifungue kwenye simu yake na ajaribu kunakili kila palipozibwa. Akishindwa, ndipo ninaituma.