Mashine ndogo ya kusisimua misuli: inamfaa nani baada ya damu kuvujia kinenani?

Mashine hizi za betri, zenye nyaya na pedi za kubandika, wagonjwa wa himofilia (ugonjwa wa damu kutoganda vizuri) huzinunua kwa matumaini makubwa pale paja linapokufa ganzi na goti kukosa nguvu. Zinasaidia, ila si kila mtu, na kinachoamua ni hali ya neva, si bei ya mashine.

Damu ikivujia msuli wa iliopsoas, unaotoka kiunoni na kupita kinenani, hunaswa chini ya utando mgumu usiotanuka. Neva ya femorali nayo imepita humo humo, hivyo hubanwa. Misuli ya mbele ya paja hulegea, goti huachia mtu anaposhuka ngazi, na ganzi huweza kufika hadi upande wa ndani wa mguu.

Mashine ya mkononi hukaza msuli kwa kupitia neva. Kama neva ilibanwa tu na nyuzi zake ni nzima, paja litajikaza vizuri. Kama nyuzi zimekufa, mipigo yake mifupi ya maikrosekunde 300 hivi haitafanya lolote. Msuli uliokosa neva huhitaji mipigo ya makumi ya milisekunde, na mashine nyingi za mkononi hazina uwezo huo. Hapo ndipo watu huumia: wanaongeza nguvu ya umeme wakingoja msuli utikisike, na ngozi yenye ganzi inaungua bila wao kuhisi. Kwa hiyo mwombe mfiziotherapia akujaribu kwa mashine ya kliniki kabla hujatoa fedha. Kipimo cha neva na misuli kwa umeme nacho husomeka vizuri kuanzia wiki ya 3 hivi.

Ukinunua, hakikisha ina programu ya NMES au EMS, yaani ya kukaza misuli kwa umeme. Yenye TENS peke yake ni ya kutuliza maumivu, haijengi paja. Mipangilio tunayoikubali ni Hz 35 hadi 50 (mipigo kwa sekunde), maikrosekunde 300 hadi 400 kwa kila mpigo, kukaza sekunde 5 hadi 10 na kupumzika sekunde 30 au zaidi, kwa dakika 15 hadi 20. Pedi ziwe kubwa, za sentimita 5 kwa 9: moja juu mbele ya paja, nyingine chini upande wa ndani, juu kidogo ya goti. Usibandike kinenani palipovuja damu. Mgonjwa ajikaze mwenyewe kila mashine inapokaza. Akilala tu na kuiachia kazi yote, faida inapungua sana. Pedi zilizokauka gundi zitupwe, maana umeme hujikusanya sehemu moja na kuchoma.

Wakati wa kuanza ni muhimu kuliko chapa ya mashine. Kwanza fakta (dawa ya sindano ya kusaidia damu kuganda), mapumziko, na picha ya ultrasound kuthibitisha uvujaji. Mashine ingoje maumivu yaishe na nyonga ianze kunyooka, tena ni vyema sana dawa ichomwe kabla ya mazoezi. Uniti 1 ya fakta 8 kwa kilo hupandisha kiwango chake katika damu kwa takriban asilimia 2, kwa hiyo mtu wa kilo 50 anayehitaji kupanda asilimia 80 huchomwa uniti 2,000. Lengo lenyewe hupangwa na daktari. Kuvuta nyonga kwa nguvu ili inyooke haraka kunarudisha uvujaji, na hilo tunalipinga kabisa. Kinena kikianza kuuma tena, au nyonga ikarudi kujikunja, zima mashine uende kliniki.

Mwenye fedha ya kitu kimoja tu anunue kwanza kifaa cha kushikilia goti lisijikunje, na fimbo ya kushika mkono wa upande mzima. Kuanguka kwa mtu mwenye himofilia ni uvujaji mwingine.

Ambaye paja halikuitikia leo asikate tamaa. Nyuzi za neva huota takriban milimita 1 kwa siku, hivyo ni kazi ya miezi. Arudi ajaribiwe kila mwezi, na unene wa paja upimwe sentimita 10 juu ya kilegesambwa, palepale kila mara.