TAHADHARI: huyu anayeuza akaunti za Steam za Bannerlord na Total War msimpe hela

Wadau wa magemu ya vita, kuna jamaa anazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp na Telegram hapa Dar anauza "akaunti ya laifutaimu", ndani kuna Mount & Blade II: Bannerlord, Total War: Warhammer III na Chivalry 2, zote kwa 25,000. Msimpe hata mia. Jina na picha ya profaili anabadili kila mara ila maneno ni yaleyale, skrinishoti za wateja wanaoshukuru, halafu "bosi wangu zimebaki nafasi 2".

Bannerlord peke yake kwenye Steam, lile duka la magemu ya kompyuta la mtandaoni, ni karibu dola 50 kama haijashushwa bei, sasa hizo tatu kwa 25,000 faida anaitoa wapi? Anaitoa kwenye wingi wenu. Akaunti ni moja anawauzia watu kibao, anakupa yuzanemu na paswedi, anakuacha udaunlodi, ukimaliza anakwambia weka oflaini na usiguse tena mambo ya onlaini wala usibadili paswedi. Hapo ndo pa kushtukia, maana mkiingia wote onlaini mtaanza kutoana. Na Chivalry 2 yenyewe raha yake ni watu 64 kuchapana mapanga uwanja mmoja, sasa oflaini unamchapa nani?

Dogo mmoja wa mtaani kaniletea laptopu yake juzi kapoa kabisa. Bannerlord inataka kama GB 60, bando tu limemtoka kuliko alichomlipa jamaa, akacheza weee, kajenga jeshi la Khuzait, wapanda farasi wenye pinde watupu, ufalme wa Vlandia kashaupokonya ngome karibu zote, asubuhi moja Steam inamwambia paswedi siyo. Nikaingia kwenye Documents, folda ya Game Saves, sevu zake zipo zote na tarehe zake, gemu ya kuzifungulia ndo hana. Jamaa kapigiwa, keshabloku.

Akaunti za hivi mara nyingi ni za kuibiwa, mwenyewe akiwaandikia Steam akathibitisha malipo anarudishiwa, na nyie wote mko nje. Huwezi kwenda kulalamika kwao, sheria zao haziruhusu kuuziana akaunti kabisa. Kuna wengine anawaingiza kwenye Steam Families, ule mfumo wa familia kuchangia magemu, badala ya kuwapa paswedi, hiyo nayo msiione ya afadhali, akikutoa ile nafasi inafungwa mwaka mzima, na ukifungiwa kwa kuchiti kwenye gemu ya mwenzio na yeye anakula bani.

Halafu wanaomsumbua sana anawatumia faili la exe, eti linarekebisha, zima antivairasi kwanza. Usilifungue jamani!! Kama ulishalifungua badilisha paswedi zako zote ukitumia simu, siyo kompyuta hiyohiyo.

Mwenye hamu avizie Steam wakishusha bei, anunue kwa akaunti yake mwenyewe, gemu ikikushinda ndani ya siku 14 na hujavuka masaa 2 ya kucheza unaomba hela yako.

Mliokwisha mtumia hela msifute chati wala meseji ya muamala, namba yake itumeni 15040, ile ya kuripoti matapeli wa simu, na kampuni ya simu wapigieni leo leo. Mwenye namba zake nyingine anitumie inboksi, nilizonazo zimesajiliwa kwa majina tofauti tofauti.