Rafu ya Siasa na Sera ya Jamii Lamu: Bei Hupimwa kwa Vidole

Duka lenyewe ni dogo, limo kichochoroni, hatua chache kutoka Usita wa Mui, njia kuu ya mji wa kale. Mbele yamepangwa madaftari, juzuu, kalamu na bahasha. Anayetaka vitabu vya siasa, jamii na sera hupita nyuma ya mashine ya fotokopi, ambako kuna rafu nne ukutani na masanduku mawili chini, vitabu kama 200 hivi. Vingi vimeachwa na watafiti waliomaliza kazi, maofisa waliohamishwa na wageni waliochoka kubeba mizigo. Vichache ni vipya, vya kuagizwa. Kisiwani hapa walimu, watumishi wa kaunti na wanafunzi wanaosoma kwa masafa hugombea vitabu vile vile, kwa hiyo rafu nne si haba.

Kitu cha pekee hapa ni bei. Kitabu kilichotumika hupimwa kwa vidole: kisichofika unene wa kidole kimoja ni shilingi 200, vidole viwili ni 500, vitatu na kuendelea ni 1,000. Mwaka haumhusu muuzaji, mchapishaji hamhusu. Mteja akilalamika, "Mzee, hiki cha zamani mno," hujibiwa, "Karatasi ni ile ile, mwanangu." Hapunguzi.

Kwa mpango huo, mali iko kwenye vyembamba. Ripoti za utafiti za kurasa 60, mihadhara iliyochapwa, nyaraka za serikali zenye jalada la karatasi tu, vyote vinaangukia shilingi 200. Ukikuta Waraka wa Serikali Nambari 10 wa 1965 kuhusu ujamaa wa Kiafrika, usiuachie. Vitabu vingi vya sera ya maendeleo Kenya huurejelea, na wengi wanaounukuu hawajaushika mkononi. Ndimo ilimoandikwa kwamba fedha za maendeleo ziwekezwe pale zitakapoleta ongezeko kubwa zaidi la uzalishaji, na kwa sentensi hiyo moja mtu wa Lamu, Turkana au Garissa anaweza kueleza miaka mingi ya kukosa barabara. Mabuku ya vidole vitatu ndiyo ya kuyaogopa. Mara nyingi ni makusanyo ya makala kuhusu "dunia ya tatu" yaliyotungwa kwa ajili ya madarasa ya Ulaya ya miaka ya 1980 na 1990, na hapa yanauzwa ghali kuliko vitabu vyote vilivyotumika.

Kabla ya kulipa, fungua ukurasa wa hakimiliki, ule ulio nyuma ya ukurasa wa jina. Mwaka uliochapwa kwenye jalada au kwenye utangulizi mpya hautoshi. Kitabu chaweza kuwa kimepigwa chapa 2016 na maandishi yakawa ya 1998. Neno toleo ndilo lenye maana, kwa sababu toleo jipya humaanisha maandishi yamepitiwa, ilhali chapa mpya ni mashine tu imewashwa tena. Baadhi ya wachapishaji huweka safu ya tarakimu, 10 9 8 7 6 na kushuka, na tarakimu ndogo kabisa iliyobaki ndiyo idadi ya chapa. Pasipo na mwaka wowote, angalia ISBN, namba ya kimataifa ya kutambulisha kitabu. Ikiwa na tarakimu 10 tu, kitabu kwa kawaida kilichapwa kabla ya 2007, mwaka ambao tarakimu 13 zilianza rasmi. Baada ya 978, tarakimu 9966 ni za Kenya, 9976 na 9987 za Tanzania, 9970 za Uganda. Vya kwetu havijai rafu hata moja kati ya nne, na hilo ni kosa la duka, kwani wauzaji wa Nairobi na Dar es Salaam wanavyo.

Ukishaujua mwaka, jiulize kitabu kinazungumzia nini. Kwa ugatuzi mpaka uko wazi: katiba ilitangazwa Agosti 27, 2010, na kaunti 47 zikaanza kazi baada ya uchaguzi wa Machi 2013. Kilichoandikwa kabla ya hapo kitakusomea mikoa minane na wilaya zake. Ubaya wake hautokani na uzee. Ubaya ni kwamba majedwali hayalingani. Malindi ilikuwa wilaya peke yake na leo imo ndani ya Kaunti ya Kilifi, kwa hiyo mwanafunzi anayeweka takwimu za Wilaya ya Malindi ya zamani kando ya takwimu za Kilifi ya leo analinganisha sehemu na kizima. Anayeandika tasnifu juu ya umaskini au elimu alitazame hili kabla ya kitu kingine chochote.

Bima ya afya imepitwa zaidi. Hazina ya NHIF ilianzishwa 1966, na vitabu vyote vya rafuni vinaichukulia kama jengo la kudumu. Sheria ya 2023 iliiondoa, na tangu Oktoba 2024 mwajiriwa anakatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake wote badala ya viwango vya ngazi vilivyoishia shilingi 1,700. Kitabu cha 2015 kinachojadili mageuzi ya NHIF sasa ni cha historia. Kinunue kwa 200, si kwa 1,000. Vya hifadhi ya jamii vimezeeka taratibu zaidi. Mjadala wa kuwapa fedha wazee, yatima na walemavu, kama wachaguliwe kwa umaskini au wapewe wote waliofika umri, ulikuwepo kabla ya Inua Jamii, mpango wa serikali wa fedha hizo, na bado upo. Sura zinazoeleza jinsi walengwa wanavyochujwa, nani huachwa nje na kwa nini, zinasomeka vizuri hata kama viwango vya fedha vimebadilika.

Kwenye ardhi, hesabu inageuka: kikuukuu ni bora. Sheria ya hatimiliki ya 1908, ukanda wa maili kumi uliokuwa chini ya Sultani wa Zanzibar, maafikiano ya Oktoba 1963 yaliyouingiza ukanda huo Kenya, na mpango wa makazi wa Ziwa Kenyatta kule Mpeketoni vilichunguzwa kwa kina na watu waliokaa kwenye makabrasha na kuzungumza na wazee walio hai wakati ule. Vitabu vipya vingi hufupisha kazi hizo katika aya mbili, tena bila kutaja ukurasa. Juu ya bandari na LAPSSET, mradi wa kuiunganisha bandari ya Lamu na Sudan Kusini na Ethiopia uliozinduliwa Machi 2012, chukua kipya, na upime kwa tukio. Je, mwandishi anaijua hukumu ya Mahakama Kuu ya 2018 iliyowapa wavuvi wa Lamu fidia ya shilingi bilioni 1.76? Anajua kwamba leseni ya kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe ilifutwa na baraza la rufaa za mazingira Juni 2019? Gati la kwanza lilianza kupokea meli Mei 2021. Sura inayosema "bandari itajengwa" iliandikwa kabla ya hapo, hata kama jalada linang'aa.

Kipimo kingine cha dakika moja ni fahirisi iliyo mwishoni mwa kitabu. Tafuta Lamu. Vitabu vingi vya siasa ya Kenya huitaja mara mbili, mara ya utalii na mara ya usalama, kana kwamba katikati hakuna watu wanaolipa kodi na kupeleka watoto shule. Kisha fungua majedwali. Kwa sensa ya 2019 kaunti ya Lamu ilikuwa na watu 143,920, wachache kuliko kaunti zote, na Kilifi 1,453,787. Wastani wa "Pwani" kwa hiyo ni sauti ya Kilifi na Mombasa. Kitabu kisichotenganisha kaunti hakitakufaa kwa mpango wa maendeleo wa huku, hata kikiwa na nadharia nzuri kiasi gani.

Sasa hali ya vitabu vyenyewe, na hapa duka linastahili kukaripiwa. Rafu zimegusana na ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa, nao ukuta huo hunyonya maji na chumvi kutoka chini. Rafu ya chini kabisa ina madoa, na msimu wa masika harufu ya ukungu humpata mtu kabla hajainama. Nafasi ya sentimita tano tu kati ya mbao na ukuta ingeokoa nusu ya mali.

Shika kitabu ukitazame mgongo kutoka juu. Ukiona mikunjo midogo midogo ya karatasi, kimeshonwa kwa uzi na kitadumu. Ukiona kurasa zimesimama moja moja kwenye mstari wa gundi, kifungue katikati taratibu. Gundi ikishakaushwa na joto hupasuka hapo, kurasa 200 zikabaki upande huu na 200 upande ule. Karatasi ya kung'aa iliyowahi kulowa hushikana na haiachani bila kung'oa maandishi. Madoa ya kahawia pekee hayadhuru. Vumbi la kijani au jeusi linalohamia kidoleni ni ukungu ulio hai: kitabu kikaushwe kivulini penye upepo, si juani, kisha kisuguliwe kwa brashi laini nje ya nyumba. Chenye matundu ya wadudu kifungwe ndani ya mifuko miwili ya plastiki, hewa ikamuliwe, kiwekwe kwenye friza wiki mbili, na kikitolewa kiachwe ndani ya mfuko mpaka kirudie joto la chumba, la sivyo mvuke utakilowesha. Kama friza ni ya samaki, ongeza mfuko wa tatu.

Huduma ya kuagiza ni ya wastani. Hulipwa nusu kwa M-Pesa, nusu kitabu kikifika. Kifurushi husafiri kwa basi hadi Malindi, Garsen, Witu na Mokowe, kisha kwa boti. Ahadi ni siku tano, lakini hesabu kumi, na omba kifungwe plastiki kwa sababu ya maji ya chumvi kivukoni. Makosa huanzia kwenye daftari la oda, linaloandika jina la kitabu na la mwandishi basi. Wape ISBN. Jalada gumu, jalada laini na nakala ya kielektroniki kila moja lina yake, na katika vitabu vya kitaaluma jalada gumu laweza kuwa mara tatu ya bei. Namba ikisomwa kwa simu, ihakiki papo hapo: zidisha tarakimu 13 kwa 1 na 3 kwa zamu, jumlisha, na jibu lazima ligawanyike kwa 10. Isipogawanyika, kuna tarakimu iliyosikika vibaya.

Ambavyo wanunuzi wengi hawavibishii ni vitabu vizima vilivyotolewa fotokopi na kufungwa kwa pete, shilingi 400. Mbali na kuvunja sheria ya hakimiliki, ni hasara: ramani huwa weusi mtupu, na jedwali lenye rangi mbili za kijivu halisomeki, ilhali katika sera jedwali ndilo kitabu. Vipo vilivyotolewa bure na wachapishaji wenyewe, CODESRIA ya Dakar, baraza la utafiti wa sayansi ya jamii Afrika, ikiwa miongoni mwao. Soma masharti ya leseni mwanzoni, na yakiruhusu, peleka faili utozwe chapa tu, kwa kurasa mbili kila karatasi. Anayetaka kusoma sura moja bila kununua ajaribu kwanza maktaba iliyo ndani ya Ngome.

Duka hufungwa adhuhuri na kufunguliwa tena baada ya alasiri; Ijumaa hufunguliwa jioni tu. Masanduku ya chini hayajapimwa vidole bado. Ukiyaomba utaruhusiwa kuyapekua, na bei itatajwa pale pale.